Fundi Yuko Lamu, Duka Limo Simuni

Mwezi wa Shaabani uliopita nilikuwa Lamu, nimeketi barazani kwa fundi seremala mmoja niliyemjua tangu akifagia maranda katika karakana ya marehemu babake. Alasiri ilikuwa imekwisha, na punda walikuwa wakirudi na mizigo ya mwisho kutoka gatini. Fundi alikuwa na marufaa magotini, akimalizia nakshi kwa patasi ndogo, nami nikimtilia maneno kama ilivyo ada ya watu wa baraza. Mara akaja mpwa wake, kijana wa skuli, na simu mkononi.

"Mjomba, hebu tazama. Haya si yako haya?"

Katika picha palikuwa na marufaa yaliyowekwa juu ya kitambaa cha buluu, na nyuma yake ukuta wa chokaa uliopigwa mwanga vizuri. Fundi aliyatambua kwa kifundo cheusi cha mti kilichomtaabisha alipokuwa akichonga ua la katikati. Wiki mbili kabla aliyauza kwa shilingi 2,600. Katika simu yalikuwa yakiuzwa kwa shilingi 8,000, na maelezo yakisema kuwa ni kazi ya mikono ya Lamu, urithi wa mababu, kipande cha pekee. Jina la fundi halikuwapo. Kifundo nacho hakikuonekana ila kwa anayejua pa kukitafuta, kwani mpiga picha aliyageuza marufaa kidogo upande.

Fundi hakukasirika. Aliirudisha simu, akapuliza vumbi la mbao katika nakshi, akaniuliza, "Haya mwalimu, wewe uandikaye magazetini, hapa mimi ni nani?"

Msomaji mpenzi, suala hilo nimetembea nalo tangu siku ile, na ndilo lililonikalisha kuandika haya. Kwani si Lamu peke yake. Mombasa, Malindi, Kwale na hata Pemba na Unguja, seremala anayeunda makabati na vitanda vya kuagizwa mchana, usiku hujitafutia cha ziada kwa kuchonga vitu vidogo: marufaa, visanduku vya njumu, vibao vya kuandikia jina la nyumba, bao la kuchezea, mbuzi ya kukunia nazi. Zamani vitu hivyo vilingoja mtalii apite. Siku hizi vinaingia katika Facebook, Instagram na WhatsApp. Wengi wanasema kuwa hiyo ndiyo riziki mpya ya vijana. Mimi sikatai, ila nataka tutazame ni nani anayeipata riziki hiyo.

Tuanze na sababu ya kuhama soko. Lamu ilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kila fundi akatumai kuwa wageni watazidi. Mwaka 2011 watalii walitekwa nyara Kiwayu na Manda. Mwaka 2014 likaja shambulio la Mpeketoni na amri ya kutotoka usiku. Mwaka 2020, mwezi Machi, ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa nchi nzima hadi Agosti kwa sababu ya maradhi ya korona. Mara tatu katika miaka kumi mgeni alikatika kama maji ya bomba, na fundi aliyekuwa akimtegemea akabaki na vitu vyake rafuni. Upande wa pili, tangu mwaka 2007 tunayo M-Pesa, na mtu wa Nakuru anaweza kumlipa mtu wa Lamu kabla ya chai yake kupoa. Mnunuzi hana haja tena ya kuvuka bahari kutoka Mokowe, na jambo hilo kwa hakika ni neema.

Wala kumuuzia mtu asiyekuona si jambo geni katika mji ule. Muhamadi Kijuma, aliyezaliwa yapata mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa khati, mpigaji muziki na mchongaji wa mbao. Katika miaka ya 1930 alinakili tenzi kwa mkono wake na kuzipeleka kwa njia ya posta kwa Mwingereza William Hichens. Mjerumani Ernst Dammann yeye alikuja Lamu mwenyewe mwaka 1936, akafanya kazi naye. Nakala za mkono wa Kijuma hadi leo zimo katika maktaba za London na Ujerumani. Sasa angalia jambo moja: mzee yule aghalabu alitia jina lake mwishoni mwa nakala. Aliyepokea waraka alijua umetoka kwa nani, na akitaka mwingine alijua amwandikie nani. Meli ilichukua wiki nyingi, lakini katikati ya mwandishi na mnunuzi hapakuwa na mtu wa kulificha jina.

DALALI NA HESABU YAKE

Simu imeondoa meli, ikaleta dalali. Nisimdhulumu dalali. Yeye ndiye mwenye simu yenye kamera nzuri, ndiye anayekesha akijibu maswali ya watu ambao nusu yao hawanunui, na ndiye anayepata hasara kifurushi kikivunjika njiani. Dalali amekuwako Pwani tangu siku za majahazi, na kazi yake ni ya halali maadamu hakughushi. Lakini hesabu ni hesabu, na mafundi wetu wengi hawaipigi.

Tuchukue mfano wa marufaa yale yale. Tuseme ubao ni shilingi 650, msasa na mafuta 150. Jumla 800. Fundi akiuza kwa 2,600 anabakiwa na 1,800, na kazi ile yenye nakshi pande zote ilimchukua siku tatu. Ni shilingi 600 kwa siku, bila kuhesabu patasi inayolika wala kodi ya karakana. Msomaji alinganishe mwenyewe na ujira wa kibarua wa mjenzi mtaani kwake. Dalali naye anauza kwa 8,000. Tumtolee 2,600 za fundi, na tuseme nauli ya basi, sanduku la kufungia na bando za simu ni 1,000. Anabakiwa na 4,400.

Sasa tuseme fundi mwenyewe ameuza kwa mnunuzi yule yule, kwa shilingi 5,000. Akitoa 800 za vifaa na 1,000 za kupeleka, anabakiwa na 3,200, na mnunuzi ameokoa 3,000. Wenye shauku hapa hupiga makofi. Mimi nasema ngoja kwanza, kwani kupiga picha, kujibu maswali, kufunga na kupeleka gatini ni siku nyingine nzima, na siku hiyo patasi imelala. Basi ni siku nne, na kila siku ni shilingi 800. Ni faida kweli, lakini si ile faida ya ndoto wanayosimuliana vijana. Anayemwambia fundi kuwa simu itamtajirisha amesahau kuihesabu siku ya nne.

Hata hivyo kuna kitu kisichoonekana katika hesabu hii, nacho kwa maoni yangu ni kikubwa kuliko zile 200 za nyongeza. Dalali anajua jina la mnunuzi, na fundi halijui. Mnunuzi yule akitaka marufaa makubwa ya msikiti, au akimtuma shemeji yake, au binti yake akihitimu chuo na kutaka zawadi, atarudi kwa yule aliyemuuzia. Dalali naye siku hiyo atatafuta fundi yeyote mwenye bei ya chini. Fundi wetu ameuza ubao, siku tatu, na mteja, vyote kwa shilingi 2,600.

PICHA NA AIBU

Nirudi kwenye kile kifundo. Sisi tuliosoma chuoni tunakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula, akakuta chini kumerowa ilhali juu ni kukavu. Mwenye lundo alisema kuwa ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuyaweka yale yaliyorowa juu watu wayaone. Picha ya simu ni lundo ambalo mnunuzi hawezi kulitia mkono. Anaona juu tu, na upande ule tu uliogeuziwa kwake.

Mafakihi wetu walilitafakari jambo hili karne nyingi kabla ya umeme. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Pwani, kauli yenye nguvu ni kuwa kitu mahsusi ambacho mnunuzi hakukiona hakiuzwi hivi hivi. Lakini kuna mlango wa salam, yaani kuuza kitu kwa sifa zake: jinsi yake, kipimo chake, ubora wake na siku ya kukabidhiwa, na thamani ilipwe yote papo hapo wakati wa mapatano. Ama desturi ya fundi kuchukua nusu kwanza na nusu baadaye, Mahanafi wana mlango wao unaoitwa istisnai, na baraza la mafakihi wa nchi za Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1992 lilikubali kuwa malipo yake yaweza kutolewa kwa mafungu. Mwenye kutaka fatwa na aende kwa wenye elimu. Mimi ni mwandishi. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba masharti yale, ambayo kijana huyaona kama mambo ya vitabu vya manjano, ndiyo hasa yanayomlinda yeye sokoni humu.

Ukiandika chini ya picha "marufaa mazuri ya Lamu, njoo inboksi", hujaandika kitu. Andika: mti wa mwembe uliokaushwa miezi minne, urefu sentimita 45, upana 20, yamekatwa katika ubao mmoja bila gundi wala msumari, yamepakwa mafuta, yana kifundo cheusi upande wa kushoto, yatafika Nairobi siku ya tano baada ya malipo. Piga picha ya kifundo nacho. Mnunuzi aliyeambiwa kabla harudishi mzigo. Na Qur'ani, katika aya yake iliyo ndefu kupita zote, ndani ya Suratul Baqara, imetuhimiza kuandikiana deni la muda maalumu, ikasamehe biashara ya mkono kwa mkono. Biashara ya simu si ya mkono kwa mkono. Uzuri wake ni kuwa inajiandika yenyewe: ujumbe umekaa, tarehe imekaa, risiti ya malipo imekaa. Tatizo ni kuwa fundi hupendelea kupiga simu na kusema, kisha siku ya ugomvi hana herufi hata moja.

Kukausha mbao nako ni katika uaminifu. Hewa ya Lamu ni ya bahari, na ubao uliozoea unyevu ule ukitiwa katika nyumba ya Ulaya inayopashwa moto wakati wa baridi hunywea, na usipokuwa umekauka barabara hupasuka. Sanduku likapasuka Hamburg, mnunuzi hatasema mbao zilikuwa mbichi. Atasema watu wa Lamu ni wezi. Mwembe ni rahisi kupatikana, lakini hubunguliwa upesi ukiachwa hivi hivi. Mwarobaini hustahimili wadudu zaidi, na wachongaji wa nchi hii wamekwisha kuuzoea. Mpingo una mambo yake. Tangu mwanzo wa mwaka 2017 jamii yote ya miti hiyo imo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, na biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji kibali, ijapokuwa mwaka 2019 vitu vilivyokwisha kuundwa vilisamehewa ikiwa mti ndani ya mzigo mmoja hauzidi kilo 10. Mwaka 2022 mbambakofi nao uliingizwa katika mkataba huo, kwa upande wa magogo na mbao zilizopasuliwa.

Hapa ndipo marufaa yanapokishinda kiti cha enzi. Kiti ni fahari ya mji, lakini kukipeleka ng'ambo ni kukitengenezea kreti, na mbao za kreti zenyewe, kwa kanuni ya kimataifa ya mwaka 2002, sharti zitibiwe kwa moto wa nyuzi 56 kwa nusu saa au kwa dawa, na zipigwe muhuri. Mwenye kiti kimoja cha kupeleka atayawezaje hayo? Marufaa hujikunja yakawa bapa kama kitabu, yakaingia katika boksi la karatasi. Waliobuni kiungo kile, ubao mmoja uliopasuliwa na kufumwa bila bawaba, hawakujua kuwa wanabuni kitu cha kusafiri kwa posta.

Na wanaoota kuuza Marekani kupitia soko la mtandao kama Etsy nawapa khabari mbili. Soko lile lilipandisha makato yake mwaka 2022 kutoka asilimia 5 hadi 6.5 ya kila mauzo, bila kuhesabu ada nyingine. Na tarehe 29 Agosti 2025 serikali ya Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800 vitokavyo nchi zote. Mnunuzi wa New York aliyekuwa akipokea kisanduku chake bila kuulizwa akajikuta anadaiwa ushuru. Naona fundi wa Pwani aanzie karibu. Watu wetu wako Mombasa, Nairobi, Muscat, Dubai na London, na wanajua marufaa ni kitu gani bila kuelezwa. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia wanayatafuta, wakakuta ya plastiki kwa sababu ya mbao hawakuyaona.

JINA LA LAMU

Limebaki jambo la jina. Katika simu hizo hizo utaona mbao zilizochongwa kwa mashine, nakshi zote sawasawa kama zimepigwa muhuri, na chini yake pameandikwa Lamu. Sina ugomvi na mashine. Lakini anayelipa kwa ajili ya mkono wa mtu na apewe mkono wa mtu. Kenya inayo sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na sheria ya alama za biashara inaruhusu kikundi kusajili alama ya pamoja. Mafundi ishirini wakikubaliana juu ya mbao, ukaushaji na nakshi, wanaweza kuwa na chapa moja, na kila mmoja akaandika jina lake chini ya chapa.

Mfano wa kushikana mikono uko karibu. Uchongaji wa Wakamba unaojulikana duniani ulianza na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Wenzake hawakuuacha ukafa naye. Mwaka 1963 chama chao cha ushirika kilianzishwa hapo Changamwe, njia ya uwanja wa ndege, na watalii wakapelekwa pale kwa mabasi. Sisi wa visiwani kila fundi ana siri yake ya nakshi, na humfundisha mwanawe mlango ukiwa umefungwa. Mpwa akitaka kujifunza huambiwa abebe mbao kwanza miaka miwili. Kisha tunashangaa vijana wanapokimbilia bodaboda.

Kijana yule mwenye simu hajui kushika patasi, wala mjomba wake hajui kupiga picha. Nilipowaambia hivyo walicheka. Jioni ile, baada ya Magharibi, tulikaa tena watatu chini ya taa. Fundi aliyachukua marufaa aliyoyamaliza, akayageuza, akachonga kwa nyuma jina lake na mwaka wa Hijria kwa herufi za Kiarabu. Kijana akapiga picha sita, mojawapo ya ufa mdogo kwenye mguu ambao mjomba hakutaka upigwe. Walibishana kidogo juu ya ufa. Mimi niliandika maelezo: mti, vipimo, siku, ufa. Bei waliiweka 5,000.

Saa tano usiku akaja mtu wa Eastleigh, akauliza kama ufa utazidi. Fundi alimjibu mwenyewe kwa kidole kimoja, polepole, kuwa mti umekauka na amekwisha kuuzibia kwa unga wa mbao, lakini hawezi kuapa. Yule mtu akaomba apunguziwe mia tano. Fundi akafikiri, akaandika kuwa atampunguzia mia mbili kwa ajili ya ufa, basi. Niliondoka Lamu alfajiri kwa mashua ya kwanza ya Mokowe, na hadi hapo mtu wa Eastleigh alikuwa ameisoma barua lakini hajajibu.